Kereng'ende na Mbu

Watoto, Jumamosi moja nilishuka kwenye bwawa la samaki hapa Manguredjipa. Nikawakuta wavulana watatu wanawapiga kereng'ende kwa fimbo. Nikawauliza, "Mbona mnawaua?" Mmoja akajibu, "Furere, wanachoma kama nyuki." Sikumgombeza, maana mimi nilipokuwa mtoto nilifanya vile vile. Lakini mwenzao wa nne alikuwa amelala nyumbani, ameshikwa na malaria. Je, ni kereng'ende aliyemwuma? La, ni mbu.

Basi tuwaangalie wadudu hawa wawili. Wote wawili hutaga mayai majini au karibu na maji, na watoto wao hukua mumo humo. Lakini hawafanani. Kereng'ende ana mabawa manne, mbu anayo mawili tu. Kereng'ende hana mwiba. Hukamata wadudu wadogo hewani, hata mbu. Mbu jike hunyonya damu kwa ajili ya mayai yake, na wale wa jamii ya anofele ndio wanaotuletea malaria. Mganga Ronald Ross aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko Uhindi mwaka 1897.

Jioni ile nilitwaa chupa ya kioo, nikatia maji ya bwawa, watoto kumi wa mbu na mtoto mmoja wa kereng'ende. Huyu ana mdomo wa chini uliokunjwa. Huurusha mbele kama mkono na kunasa chakula. Asubuhi wavulana wakahesabu: watoto wa mbu wamebaki watatu! Wakatazamana kimya.

"Basi, Furere, tukiwaacha kereng'ende malaria itakwisha?"

Hapana. Mtoto wa mbu hukomaa kwa majuma mawili hivi. Maji ya mvua ndani ya kopo, au katika shimo lililoachwa na wachimba dhahabu, yamtosha. Mtoto wa kereng'ende kwa kawaida huhitaji muda mrefu zaidi, pengine hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo hukaa penye maji yasiyokauka upesi. Katika kopo mbu hana adui.

Adui wake hapo ni sisi. Wavulana walitupa fimbo, wakaenda nyumbani kwa mgonjwa, wakamwaga makopo yote na kufukia mashimo mawili. Mganga alimpa mwenzao dawa, na baada ya juma moja akarudi darasani.

Nawe, ukiona kopo lenye maji mlangoni penu, limwage leo. Na usiku, lala ndani ya chandarua.