Orodha ya Darasa la Saba

Hasara ya kurudia darasa huhesabiwa kwa miaka. Chini ya mfumo wa 8-4-4 nchini Kenya, shule ya msingi ilikuwa ya miaka 8. Aliyerudia mara mbili akamaliza, alitumia 10. Aliyerudia la saba mara mbili kisha akaacha, alikalia dawati miaka 9 akatoka bila cheti. Ufanisi wa shule hupimwa hapo: miaka mingapi ya masomo imetumika kumpata mhitimu mmoja.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alianza kufundisha kijijini, Kilifi, mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya KCPE ya kwanza, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Shule zilishindanishwa kwa wastani wa alama, na wastani ndio uliompa mwalimu mkuu heshima au aibu. Basi kila Novemba wanafunzi dhaifu wa darasa la saba walizuiwa wasiingie la nane. Mwandishi, akiwa mwalimu wa darasa, ndiye aliyeandika orodha. Mwaka mmoja aliandika, kwa mara ya pili, jina la msichana wa miaka 16. Januari msichana hakuonekana. Alikwisha kupelekwa Mombasa kufanya kazi za nyumbani. Wastani ulipanda na wazazi wakashangilia. Rejista ilionyesha jina lililokatwa kwa mstari, basi.

Karo ilipoondolewa mwaka 2003, madarasa yalifurika. Miaka kumi baadaye, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza kumzuia mtoto asipande darasa. Sheria hiyo ilikuwa ya haki, na ilichelewa. Lakini haikuja na walimu. Watoto walipanda kila Januari, wengine wakafika la tano bila kuweza kusoma aya moja ya Kiswahili, na hasara iliyokuwa ikionekana kwenye hesabu ya miaka ikahamia ndani ya vichwa vyao.

Katika shule ya mwisho ya mwandishi, walimu watatu waliwakusanya waliochelewa kusoma wa darasa la tatu, nusu saa kabla ya kengele ya asubuhi, wakaanza nao kwenye silabi. Hakuna aliyerudishwa nyuma, na wengi walikuwa wakisoma kabla ya muhula wa pili kwisha. Kazi hiyo ingewezekana pia mwaka 1986; hakuna aliyeifikiria, mwandishi akiwemo.

Alistaafu mwaka 2023, mwaka wa KCPE ya mwisho. Msichana yule hakuufanya mtihani huo kamwe.