Motoka ya kwanza ya mtoto wangu

Kijana wangu wa pili alipotimiza miaka 11, baba yake alimletea motoka ya telekomande kutoka Kolwezi, anakofanya kazi ya mgodi na kurudi kwetu Lubumbashi kila baada ya wiki sita. Ilikuwa nyekundu, milango inafunguka, taa zinawaka. Alilipa dola 15 kwa mchuuzi wa barabarani. Siku ya nne ikafa.

Kufa kwake hakukuniumiza sana. Kilichoniumiza ni siku baba alipopiga simu, nikamsikia mtoto pale barazani akimjibu: "Papa, inatembea muzuri sana." Motoka ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa ndani ya shati la shule. Alisema hivyo mwezi mzima. Hakutaka baba yake ajue kwamba dola zake zilidumu siku nne.

Zamu yangu ya likelemba ilikuwa inakaribia, dola 100, na nilikuwa nimekwisha kuzitengea mabati ya jikoni. Bamama, najua mtakavyosema. Mabati yakangoja.

Lakini sikutaka kununua kifo kingine. Nikachukua ile motoka nyekundu mpaka kwa kijana anayetengeneza simu kwenye kona ya barabara yetu. Akaifungua, akanionyesha kibao kidogo cha kijani. "Mama, angalia. Vitu vyote viko hapa pamoja. Kamoja kakiungua, yote inakufa." Kinachopokea mawimbi ya telekomande, kinachogawia motere umeme, kinachogeuza magurudumu, vyote vimechomelewa kwenye kibao kimoja. Hakuna kipande utakachotafuta sokoni. Na hata ilipokuwa hai, ilijua mambo mawili tu: kukimbia kwa nguvu zote au kusimama, kugeuka kabisa au kutogeuka. Mtoto hajifunzi kuendesha hapo, anajifunza kugonga ukuta.

Aina ya pili, akasema, ni ile inayofunguka kwa turnevisi, kila chombo kikiwa peke yake. Ukibonyeza kidogo inakwenda kidogo. Motere ikichoka, unaondoa visi mbili na kuweka nyingine. Watu wa nchi nyingine wanazikuza kama sisi tunavyokuza kuku, kwa mapenzi na kwa mashindano. Tamiya ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1976, na nyingi zinakuja hata leo zikiwa vipande ndani ya kartoni, mzazi na mtoto wanaziunga wenyewe mezani. Hizo za kuunga ni nzuri ila bei yake ilinipita.

Mama mmoja wa chama chetu anasafiri Dubai kuchukua bidhaa. Nilimpa karatasi, na juu yake niliandika jambo la kwanza kabla hata ya ukubwa: uliza kama mwuzaji huyo huyo anauza miguu ya mbele na gia za motoka hiyo. Kama hana, usinunue, hata ikiwa inang'aa namna gani. Motoka ya mtu anayeanza itavunjika. Si kwa ubaya wa mtoto, ndivyo watu wanavyojifunza.

Ukubwa nilichagua 1/16. Maana yake motoka ya kweli ya mita nne na nusu inabaki sentimita 28 hivi, inatosha kupanda mawe ya lupango letu bila kuvunja sufuria za jirani. Magurudumu marefu, tumbo mbali na ardhi. Zile za chini zinazofanana na motoka za mashindano zinahitaji lami, na lami tunaijua sisi wenyewe iko wapi. Kuhusu mbio, makartoni yanajisifu kilomita 60 kwa saa na zaidi. Kwa barabara yenye watoto wadogo, hapana. Thelathini ni mwendo wa taximoto anayepita kwetu, na hata hizo ni nyingi mwanzoni. Telekomande nyingine zina kitufe cha kupunguza nguvu, niliomba yenye hicho. Niliomba pia ile ya 2.4 GHz, kwa kuwa zile za zamani za 27 MHz zikiwa mbili katika lupango moja, telekomande ya huyu inasukuma motoka ya yule, na vita vinaanza.

Jambo lililoninyima usingizi ni batri. Ziko za litiamu, nyepesi na zenye nguvu, na ziko za nikeli, nzito, zinazochoka mapema kidogo. Duniani kote watu wanasifu litiamu. Lakini litiamu ina tabia yake: ukiichaji vibaya, ikipigwa, au ukiitumia mpaka iishe kabisa, inavimba kama kitumbua, na iliyovimba inaweza kuwaka moto. Haichajiwi watu wakiwa wamelala. Sasa, kwetu umeme unakuja lini? Usiku, watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo nikachukua nikeli ya 7.2, inayovumilia makosa zaidi, nayo pia siiachi peke yake. Nikiamka saa nane usiku kuchota maji, naiweka kwenye sementi, mbali na pazia, napiga pasi nikiitazama.

Hesabu ni rahisi na kila mama aifanye dukani. Batri yetu imeandikwa 1500, sharjeri imeandikwa 500. Gawanya: saa tatu, na dakika kidogo juu yake. Mchezo wenyewe unadumu kama robo saa. Mtoto anayengoja usiku mzima kwa robo saa atalia, basi nunua batri mbili tangu mwanzo, na kati ya moja na nyingine uache motere ipoe. Na sharjeri iwe ile inayojizima yenyewe batri ikijaa.

Motoka dola 62, batri ya pili 14, mfuko wa miguu na gia 9. Zilizobaki 15 zikawa mwanzo mpya wa mabati.

Alipoifungua mara ya kwanza, hakuikimbiza. Alitoa visi, akatazama ndani ya ile motere ya zamani iliyokufa, maana kijana wa simu alikuwa amempa aichezee. Akavuta uzi mwembamba wa shaba, mrefu ajabu, ukazunguka vidole vyake. "Mama, Papa njo anachimbaka hii?" Nikamwambia ndiyo, hii. Akauviringisha, akautia mfukoni. Dada yake mwenye miaka tisa ndiye aliyeshika telekomande siku hiyo, na niwaambie ukweli, mpaka leo anapiga kona kumshinda kaka yake.

Wiki ya tatu motoka iligonga kizingiti cha choo, mguu wa mbele wa kushoto ukakatika. Nilimwona mtoto akikaa kimya, akatazama kitanda kule ndani. Nikafikiri, basi, itakwenda chini kama ile nyingine. Nikaleta mfuko wa vipande, nikauweka kando yake, nikarudi kwenye fufu yangu. Ilimchukua karibu saa nzima. Visi moja ilipotea katika vumbi jekundu na dada yake akaipata kwa sumaku ya spika ya redio mbovu.

Jioni baba alipiga simu. Mtoto alikimbia kuichukua mkononi mwangu.

"Papa, inavunjika muguu," akasema. Kisha akanyamaza, akisikiliza. "Hapana, ile ya nyekundu ilikufaka zamani. Hii ni ingine ya Mama. Minaitengeneza mimi mwenyewe. Ukikuja utaona."

Akamuuliza baba yake kama huko Kolwezi wanauza visi za milimita mbili.