Sindano, uzi na bibi wa Michenzani

Hivi wewe una fundi? Siyo fundi bomba wala fundi umeme, namaanisha fundi wa nguo. Mimi nilikuwa naye, tena wa miaka minne. Idi ya mwaka 2024 nikampelekea vitambaa wiki tatu kabla. Akaniambia "njoo Alhamisi dada'angu". Nikaenda Alhamisi. Kitambaa changu kimekunjwa vilevile nilivyokileta, hata pini sijui imehamishwa! Sikukuu nikavaa gauni la mwaka juzi, mume wangu akavaa kanzu iliyobana kwapani, na binti yetu, aliyekuwa hajatimiza hata mwaka, akaazimwa nguo na jirani. Nilichoka.

Ndiyo maana Agosti ya mwaka huohuo, nilipopata likizo ya siku tano kazini, wenzangu wakiwaza Bagamoyo na mabwawa ya kuogelea, mimi nikapanda boti asubuhi kwenda Unguja kwa bibi yake mume wangu, nikafundishwe kushona. Mume angekuja Jumamosi. Mtoto nilimwacha kwa mama yangu Tabata, na nakiri kwamba nilivyokaa kwenye kiti cha boti bila mtu wa kunivuta hereni, nilihisi likizo imeshaanza.

Wengi wetu tukifika Zanzibar tunageukia Mji Mkongwe: vichochoro, milango ya misumari, picha mbili tatu, halafu pwani. Si vibaya, mji ule uko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, una haki ya kutazamwa. Lakini ukivuka barabara ya Darajani, unaingia Ng'ambo, na jina linajieleza lenyewe. Zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha pande hizi mbili, ukafukiwa. Mbele kidogo unayaona majumba ya Michenzani, marefu kama mabehewa ya treni yaliyoegeshwa, yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Watalii huyapita haraka haraka. Bibi anaishi mle, ghorofa ya tatu, ngazi za kukutoa jasho.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu umemwacha wapi?"

Kama hujaolewa pwani, nikufahamishe: mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, hivyo mimi na Bibi tuko uke wenza. Huo ni utani, na ana haki ya kunitania mpaka siku nitakayokufa. Alinipapasa uso kwa vidole kabla ya kunikaribisha. Macho yake yameingia ukungu, anaona umbo lakini hasomi tena. Nikajiuliza moyoni: sasa huyu atanifundishaje?

Kona ya sebule ipo cherehani, ile Singer nyeusi ya kuzungusha kwa mkono, maandishi ya dhahabu yamefutika nusu. Nikaenda nayo moja kwa moja. Bibi akacheka. "Iache hiyo. Kwanza nikuone mkono."

Nikatumwa Mchangani kununua kanga. Hii ndiyo mitaa ya vitambaa nyuma ya Darajani, na kama wewe na mwenzio mnapenda kutembea bila kutumia hela nyingi, pelekaneni huko badala ya kwenye maduka ya vinyago. Madoti yamening'inizwa juu mpaka chini, na wauzaji wanakusomea majina ya kanga kama wanakutabiria. Chagua jina kwa makini, maana kanga inasema, na mama mkwe anajua kusoma! Nikanunua pia kitambaa cheupe cha pamba, nyuzi, sindano za namba mbalimbali na kastabani, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni. Nilikiona cha kizee. Baada ya saa mbili za kushona, kidole cha kati kikiwa kimetoboka kama chujio, nikakivaa kwa adabu.

Muuzaji mmoja alikiita kile kitambaa cheupe "marekani". Neno hilo ni la zamani. Karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilileta Unguja pamba iliyofumwa kwao, na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Biashara ilinoga hadi mwaka 1837 Marekani ikaweka balozi mdogo hapa, Richard Waters, naye mfanyabiashara wa hukohuko Salem. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, pamba ikakatika na wengine wakaingia sokoni. Kitambaa kilipungua, jina likabaki mdomoni mwa watu.

Turudi kwa Bibi. Somo la kwanza: doti ya kanga inauzwa ikiwa kipande kimoja, kanga mbili zimeungana. Unaikata katikati, halafu unapinda ncha zilizokatwa. Rahisi, siyo? Bibi alinitaka nikunje mara mbili, upana wa nusu sentimita, nipige bandi kwanza, halafu nishone mishono ambayo upande wa mbele isionekane. Nikamaliza upande mmoja kwa dakika arobaini, najiona bingwa. Akaupitisha kwenye kidole gumba chake, taratibu, kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Hapa umechoka," akasema. Kweli, pale ndipo nilipoanza kutazama simu. "Na hapa umevuta uzi. Fumua."

Nikafumua. Neno hilo nililisikia siku nne mfululizo, msomaji, mpaka nikaliota. Lakini ndipo nilipojibiwa swali langu. Bibi hahitaji macho. Mshono uliolegea anaukuta kwa kidole kabla mimi sijauona kwa macho yangu mazima na miwani juu.

Siku ya pili aliniambia nimpe uzi mweupe kutoka kwenye kopo la biskuti. (Hivi kuna nyumba gani Afrika Mashariki ambayo kopo la biskuti lina biskuti?) Nikachakura. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, nikakuta kofia. Siyo kofia, vipande vyake. Kipande cha juu cha duara kimekwisha, viua vidogo vidogo vimetobolewa na kuzungushiwa uzi mmoja mmoja, vimepangika hadi unapumua polepole ukivitazama. Kile kipande kirefu cha kuzunguka kichwa kilikuwa kimeshonwa kama theluthi. Kuanzia hapo, nukta za penseli tu.

"Bibi, hii ya nani?"

"Ya bwana harusi."

"Bwana harusi yupi?"

"Kwani wewe unao wangapi?"

Akaendelea kukunja kanga. Mimi nikakaa chini.

Nikueleze kilichotokea. Tulifunga ndoa Desemba 2022. Mimi, bibi harusi wa kisasa, nilitaka kila kitu kishabihiane: shela rangi ya krimu, maua krimu, kanzu krimu, na kofia krimu. Jumamosi moja nikaenda Kariakoo nikanunua kofia ya mashine, imekaa vizuri, ina nakshi, bei poa. Nikaipiga picha nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la kamati, na vikopa kibao. Mawifi wakanijibu kwa vikopa. Hakuna aliyeniambia kitu. Picha ikafika Michenzani, ikasomwa kwa sauti na mjukuu mwingine. Bibi, aliyekuwa ameanza kushona tangu siku ya posa, akachoma sindano kwenye kitambaa na kukirudisha kwenye kopo.

"Nikaambiwa kofia ishanunuliwa," alisema. "Basi. Kofia si moja." Hakuwa na kinyongo kwenye sauti, na hicho ndicho kilichoniumiza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Mwaka uliofuata macho yakaanza kuingia ukungu, hata angetaka kumaliza asingeweza.

Kwa asiyeijua kazi hii: kofia ya viua haifanywi kwa haraka. Kitambaa cheupe cha pamba unakiloweka kwanza na kukikausha, kisije kikaruka baadaye ukabaki na kofia ya mtoto. Unapima kichwa juu ya masikio. Unakata kipande cha duara na kile kirefu, tabaka mbili mbili, unachora nakshi. Halafu kila nukta unaitoboa na kuizungushia uzi ukingoni, uzi ukibanana bila kupandana, ili tundu libaki wazi na hewa ipite. Kofia moja ina mamia ya matundu. Bibi anasema mtu mwenye nyumba, mume na watoto, anayeshona jioni tu, ahesabu mwezi na zaidi. Ikiisha inafuliwa, inatiwa kanji na kuvalishwa kwenye faroma ikauke na umbo lake. Ukiona bei ya kofia ya mkono dukani ukashtuka, gawa kwa idadi ya jioni, kisha uone aibu kupunguziwa. Mimi niliona.

Nikamwomba niimalize. Akakataa palepale. "Sitaki kiraka kichwani kwa mume wangu." Baadaye kidogo, baada ya sala ya alasiri, akanirushia kitambaa kidogo. "Chora nukta kumi na mbili. Shona, kisha tuzungumze."

Nukta kumi na mbili zilinichukua siku nzima na nusu. Tano za mwanzo zilifumuliwa zote. Ya sita aliipapasa, akanyamaza, akanirudishia bila neno. Nilitaka kuruka.

Jumamosi mume wangu akaja. Usiku tukashuka Forodhani, bahari nyeusi, moshi wa mishikaki, kila meza ina taa yake. Nilikuwa nimepanga kunyamaza. Kwani angejua nini? Yeye hata hajui mawifi waliona picha, na kofia ya harusi iko kabatini imekaa na harufu ya udi. Lakini ukikaa na mtu bwawani kwa ngalawa moja, siri inakuwa mzigo wa wote wawili. Nikamwambia nikiwa nimeshika kikombe cha juisi ya miwa, nikimtazama mwuza urojo badala ya kumtazama yeye.

Alikaa kimya muda mrefu. "Alinipima kichwa," akasema mwishowe. "Nilipokuja kumwambia nimepata mchumba. Alinizungushia uzi kichwani, nikadhani ananitania." Akaiacha mishikaki yake, na huyu ni mtu asiyeacha chakula. Hakunilaumu. Nilitegemea atasema "si kosa lako", hakusema hivyo pia.

Asubuhi nilipoamka nikamkuta sebuleni, amekaa chini kwenye mkeka miguuni pa Bibi, anatunga uzi kwenye sindano. Moja baada ya nyingine, anazichoma kwenye mto mdogo, kama kumi na tano hivi. Bibi anamsimulia habari za mtu aliyekufa zamani. Nikapita jikoni kuchemsha chai, nikajifanya sijaona.

Siku ya kuondoka, kopo la biskuti lilikuwa juu ya begi langu. "Mke mwenzangu," Bibi alisema, "usikimbie. Na usishone ukiwa na hasira, uzi unakaza."

Tangu hapo mambo ya kawaida yamekwenda haraka. Nikanunua cherehani ya mtumba, nikashona foronya, mapazia ya chumba cha mtoto, magauni yake matatu ya marinda ambayo moja lina mkono mmoja mrefu kuliko mwingine (analipenda hilohilo). Kwa wanandoa wanaotaka kuanza, ushauri wangu ni foronya: mishono minne iliyonyooka, ukikosea unalalia. Fundi wangu tunasalimiana tu.

Kofia ni habari nyingine. Hiyo ni ya usiku, mtoto akishalala, televisheni imezimwa. Mume wangu anatunga uzi, kazi aliyojipa mwenyewe na hataki kunyang'anywa. Siku nzuri natoa viua vinne. Siku ya kurudi kazini nimegombana na bosi, hata kimoja sigusi, nakumbuka niliyoambiwa. Bibi hupiga simu Ijumaa na kuuliza, "Mmefika ngapi?" kama mtu anayeulizia mimba.

Mei ya mwaka 2025 tukavuka tena, safari hii na mtoto. Nilikuwa nimefika katikati ya kile kipande kirefu. Nikamwekea Bibi mapajani. Akaanza upande wake, kidole kikapita kwenye viua vyake vya zamani, kikaenda, kikaenda. Pale alipoishia yeye na kuanza mimi kikasimama. Sikuwa nimemwonyesha. Kwa macho yangu huwezi kuona tofauti, nilikuwa nimejivunia hilo boti nzima.

"Hapa," akasema.

"Ndiyo Bibi."

Akakaa hapo kidogo, akipapasa mbele na nyuma. Mume wangu alikuwa ameshikilia mtoto asinyakue mkasi. Kisha kidole kikaendelea taratibu kwenye viua vyangu, kimoja, cha pili, cha tatu, kikarudi.

"Hiki cha tatu," akasema, "fumua."