Paulo Alikula Kwanza

Habari ya Mtume Paulo katika dhoruba, iliyomo katika Matendo ya Mitume sura ya 27, huhubiriwa sana kwetu Kemondo. Sisi ni watu wa bandari. Hatuhitaji kuelezwa mawimbi ni nini. Wahubiri hutusimulia upepo, giza na nanga, na jinsi watu wote 276 walivyofika salama kisiwani Malta. Lakini katikati ya habari hiyo kuna jambo dogo ambalo mara nyingi tunalipita. Watu wale walikuwa wamekaa siku kumi na nne bila kula. Karibu na mapambazuko Paulo akawasihi wale chakula, kisha hakungoja waitikie. Alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula. Ndipo wote wakapata moyo, nao wakala.

Habari hii naijua tangu nikiwa mwanafunzi wa kipaimara. Jambo hilo dogo nilikuja kulielewa nikiwa mama wa watoto watatu, ndani ya meli, nikiwa na mtoto wa miaka minne asiyetaka kula.

Mwanangu huyo ni kitinda mimba, na katika chakula ni mchaguzi kuliko wote niliowahi kuwaona. Ndizi alikula, lakini ziwe zimechemshwa peke yake. Zikigusana na maharage, au hata mchuzi wa maharage ukitambaa hadi upande wa ndizi, kwake sahani nzima ilikuwa imeharibika. Maziwa alikunywa, ila utando ukionekana juu aliweka kikombe chini. Yai alikula ute mweupe tu. Dagaa hakuwataka kabisa. Siku moja nilimuuliza sababu, akanijibu, “Wananiangalia.”

Nilicheka siku ile. Lakini kliniki hapakuwa na kicheko. Mstari wa uzito kwenye kadi yake ulikuwa umelala kwa miezi mitatu, haupandi. Muuguzi alinieleza kwa upole jambo ambalo wengi wetu tunalijua bila kulitilia maanani. Mkoa wetu wa Kagera una migomba mlangoni, maharage shambani na samaki ziwani, lakini kwa miaka mingi umetajwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Ndizi hujaza tumbo, ila peke yake haijengi mwili wa mtoto. Inahitaji kusindikizwa na maharage, samaki, maziwa, mayai na mboga za majani. Na hivyo vya kusindikiza ndivyo mwanangu alivyovikataa.

Kila jioni tulishukuru kwa chakula. Nilisema amina, nikafumbua macho, nikaona sahani imesukumwa. Wapendwa, ni vigumu kuendelea kutoa shukrani kwa chakula ambacho mtoto wako hakili. Wengine mezani wanakula, wewe unahesabu matonge ya mmoja. Maombi yangu ya mwaka ule hayakuwa marefu. Yalikuwa, “Baba, leo ale. Ale tu leo.”

Desemba shule zilipofunga, dada yangu alitualika kwake Mwanza kwa likizo. Tuliamua kusafiri kwa MV Victoria, inayotoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikatembea usiku kucha na kufika Mwanza asubuhi. Kwa watoto ilikuwa sikukuu. Walikuwa wameitazama meli ile kutoka nchi kavu maisha yao yote, na sasa walikuwa wanaipanda. Kwangu furaha ilichanganyika na jambo jingine. Mtu wa hapa mwenye umri kama wangu hakanyagi ngazi ya meli bila kukumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, baada ya kupita katika bandari hiihii na kuchukua watu wetu. Mamia hawakurudi. Wengi wamelala katika makaburi ya Igoma.

Nilikuwa nimepika ndizi za mtoto peke yake, nikazitia katika hotipoti na kuizungushia kitenge ili joto likae. Lakini kusubiri bandarini, kupanda, kutafuta nafasi katika daraja la tatu na kupanga mizigo huchukua muda. Nilipofungua hotipoti, ndizi zilikuwa zimepoa na kuwa ngumu. Kila Mhaya anajua kwamba ndizi iliyopoa haina rafiki. Mwanangu alichungulia, akaufunika mfuniko mwenyewe, akasema hali.

Nikanunua wali na samaki katika mgahawa wa meli. Akageuza uso. Nikampa chapati, akaishika bila kuipeleka mdomoni. Hapo majirani wakaanza kunisaidia, kama ilivyo desturi ya safari. Mama mmoja alisema mtoto huyu anadekezwa, achapwe kidogo. Mwingine alisema anyimwe kabisa hadi njaa imtie adabu. Wa tatu akatoa biskuti na soda. Niliwashukuru wote. Kumchapa mtoto ili ale sikutaka, na biskuti nilijua zingeziba tumbo hadi asubuhi. Taa za Kemondo zilikuwa zimeshapotea nyuma yetu. Nilimpakata mwanangu, nikahisi kwa mikono yangu jinsi alivyokuwa mwepesi, nikaomba ombi langu lilelile.

Mbele yetu alikaa mzee mmoja aliyesema ametokea upande wa Kamachumu. Tulikuwa tumeamkiana tu. Naye alikuwa amenunua wali na samaki aina ya sato. Alinawa mikono, akavua kofia, akashukuru kwa sauti ya kusikika. Aliwaombea waliopika, wavuvi na nahodha, kisha akawataja waliosafiri njia hii wasifike. Akaanza kula.

Alikula polepole, kama mtu aliye nyumbani kwake. Alichambua mnofu, akauangalia vizuri kama una mwiba, akautia mdomoni. Kipande kimoja alichokwisha kukisafisha alikiweka juu ya mfuniko wa hotipoti yangu, karibu na goti la mtoto. Hakusema “kula.” Hakumtazama hata kidogo. Aliendelea na sahani yake.

Mwanangu alikitazama kile kipande kwa muda mrefu. Akakigusa kwa kidole. Akanusa kidole. Akakilamba, akakunja uso, akanyamaza. Mzee akaendelea kula. Baadaye, nilipogeuka kumfunika dada yake, niligeuka tena nikakuta mfuniko mtupu.

Mzee akaweka kipande kingine, na wali kidogo pembeni, visigusane. Sijui alijuaje habari ya kugusana. Mtoto akala. Kipande cha tatu akala huku akiuliza, “Babu, huyu hana macho?”

“Macho nimekula mimi, mjukuu wangu,” mzee akajibu.

Vilikuwa vipande vitatu vya samaki na wali wa kujaa kiganja cha mtoto. Kwa mtu mwingine si chakula. Mimi nilifuta machozi kwa kile kitenge.

Mtoto alipolala, nilimshukuru mzee, nikamuuliza amejifunza wapi. Alisema, “Mwanangu, mimi si mwalimu. Mdogo wangu alipandia Kemondo usiku ule wa MV Bukoba. Alikuwa na haraka ya kupata nafasi, akaondoka nyumbani bila kula. Tangu hapo siwezi kula melini peke yangu. Nikipata sahani, lazima mtu ale nami. Watoto hawapendi kulazimishwa, lakini hawapendi pia kuachwa nje.”

Nilikaa macho sehemu kubwa ya usiku, meli ikitikisika taratibu, nikimfikiria Paulo. Alikuwa mfungwa kati ya watu waliokata tamaa, na hakuwa na uwezo wa kumlazimisha yeyote kutafuna. Alichoweza kufanya ni kushukuru hadharani na kula mbele yao. Kushukuru kwake kulikuwa kwa kweli, maana nchi kavu ilikuwa bado haijaonekana. Na kula kwake kuliwaambia wenzake kwamba kesho ipo. Mtu asiyeamini kwamba atafika hana sababu ya kula.

Tuliporudi nyumbani tulifuata njia ya mzee. Haikuwa ngeni kabisa. Zamani katika nyumba za Wahaya chakula kilimwagwa juu ya majani ya mgomba, wote wakakizunguka wakala kwa mikono. Mtoto hakuwa na sahani yake ya kukaguliwa. Alijifunza kwa kuona mikono ya wakubwa. Basi nasi tukatandika mkeka. Tulishukuru, tukala, tukaongea habari za siku. Maharage yalikuwepo, na samaki, na mchicha, na ndizi zake pembeni ili asikose kabisa. Hakuna aliyehesabu matonge yake. Wataalamu wa lishe husema mtoto mdogo huogopa chakula asichokizoea, na huenda akahitaji kuletewa mara kumi au zaidi kabla hajakikubali. Sisi maharage yalichukua wiki tano. Kwanza aliyatazama, halafu aliyahesabu, halafu akala moja, akatangaza kwamba amekula moja.

Kufikia Pasaka mstari kwenye kadi ulikuwa umeanza kupanda. Haukuruka, ulipanda kidogo, kisha kidogo tena. Utando wa maziwa haukubali mpaka leo. Dagaa anakula, lakini vichwa navitoa mimi kwanza.

Naandika haya kwa sababu katika usharika wetu wapo wengi wanaotandika meza na kuona sahani ikisukumwa. Yupo mama mwenye mtoto asiyekula. Yupo baba ambaye kijana wake ameacha kuja ibadani, na kila Jumapili anatazama viatu vyake vikiwa mlangoni. Yupo mwalimu wa shule ya Jumapili anayefundisha watoto wanaochungulia dirishani. Paulo huyohuyo aliwafundisha Wakorintho kwamba mmoja hupanda, mwingine hutia maji, lakini anayekuza ni Mungu. Kazi zimegawanywa. Kutandika ni kazi yangu. Kufungua mdomo ni kazi ya mtoto, na hata akiwa na miaka minne, Mungu amempa mdomo wake mwenyewe. Kukua ni kazi ya Mungu. Nilipoacha kazi hizo zikae kila moja mahali pake, nilipata usingizi.

Lakini kugawanya kazi si kukaa mbali. Paulo hakuwaambia watu wale kisha akaenda kulala. Wala yule mzee hakutoa shauri, ingawa mashauri yalikuwa mengi melini usiku ule. Alikula nasi. Kijana wako hahitaji kuhesabiwa Jumapili alizokosa. Anahitaji kuona kwamba wewe mwenyewe unashiba ulipo. Akikuona unaimba kwa furaha, unasamehe jirani, unashukuru hata mwezi ule ambao kahawa haikulipa, ataugusa mkate huo kwa kidole siku moja utakapokuwa umegeuka upande mwingine.

Basi, ndugu yangu, usiiondoe sahani ya anayekataa. Iache karibu na goti lake. Toa miiba uwezayo kuitoa. Shukuru kwa sauti, asikie. Kisha ule.