Miaka ya Sabini ya Nani?

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Hata hivyo, anayeirudia asili naye yampasa aijue njia vyema, asije akabisha hodi kwenye nyumba isiyokuwa yao. Haya yalimfika mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa likizoni kwao Kosele, karibu na Oyugis, katika Kaunti ya Homa Bay.

Mpiga gita mmoja mkongwe wa hapo kijijini alikuwa amelazwa kwa maradhi ya figo, na gharama za hospitali zilikuwa zimewashinda wanawe. Jamaa na marafiki wakaafikiana kuandaa usiku wa benga, kila aingiaye alipe kiingilio, na fedha zote zimwendee mgonjwa. Wanamuziki walijitolea kupiga bure. Lililobaki ni bango la kuwaita watu, nalo lilitakiwa liwe na sura ya miaka ya 1970, miaka ambayo vidole vya mkongwe yule vilikuwa na nguvu. Kazi hiyo alikabidhiwa mwanafunzi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kompyuta.

Si ajabu kwamba muongo huo ndio uliochaguliwa. Benga, muziki uliochipuka kando ya Ziwa Victoria, ulivuma sana katika miaka hiyo. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania aliyefariki Kisumu mwaka 2006, alikuwa akitamba na Shirati Jazz; Collela Mazee na Ochieng' Nelly nao wakitamba na Victoria Jazz. Sauti zao ziliwafikia watu kwa redio na kwa santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, ukigeuza.

Mwanafunzi alikesha mbele ya kompyuta yake. Aliitafuta miaka ya sabini katika intaneti, nayo intaneti ikampa: michirizi ya rangi ya kahawia na ya machungwa, mpira wa vioo uning'iniao katika ukumbi wa disko, na herufi zilizovimba na kuyeyuka mithili ya mshumaa. Hakujua kwamba herufi za namna ile zilivuma kwanza San Francisco, Marekani, ambako wachoraji kama Wes Wilson walizitumia katika mabango ya muziki tangu mwaka 1966, zikisomwa na vijana waliokuwa na wasaa wa kusimama na kuzifumbua. Alipomaliza kulipamba bango, akalichafua: akalitia mikunjo, madoa ya chai na pembe zilizoraruka, ili lionekane kuukuu.

Asubuhi alimwonyesha baba yake mkubwa, ambaye katika miaka hiyo aliishi kwa kuandika majina ya maduka ukutani na kuchapa mabango kwa mkono. Mzee aliisogeza kompyuta mbali, akaivuta karibu, kisha akauliza:

"Mwanangu, hii ni miaka ya sabini ya nani?"

"Ni ya watu wote, Baba."

"Mimi nilikuwapo, na haya sikuyaona. Na uchafu huu ni wa nini?"

"Ni ili lionekane la zamani."

"Sisi hatukutengeneza bango la zamani hata siku moja. Kila bango lilikuwa jipya. Ukiona bango chafu, basi ujue dansi yake imekwisha."

Kauli hiyo ilimchoma kijana. Ndipo mzee alipomweleza kazi ilivyokuwa. Alikuwa na fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chepesi. Karatasi iliyokatwa herufi kwa wembe iliwekwa chini ya kitambaa, wino ukamiminwa juu yake na kusukumwa kwa kipande cha mpira. Kila rangi ilidai fremu yake na muda wake wa kukauka, kwa hiyo rangi zilikuwa mbili tu. Wembe haupendi vikunjo vidogo, kwa hiyo herufi zilikuwa nene na zenye pembe. Tumbo la herufi O lingeanguka kama lisingeshikwa na vijidaraja vyembamba, kwa hiyo kila O ilikuwa na pengo juu na chini. Jina la mpigaji lilijaa nusu ya karatasi kwa sababu msomaji alikuwa ndani ya gari linalopita. Mwaka haukuandikwa, maana hakuna aliyetarajia bango liishi hadi mwaka mwingine.

Kumbe kila alichokiita kijana mtindo, kwa mzee kilikuwa jibu la swali: pesa ni kiasi gani, wino ni kiasi gani, na msomaji yuko umbali gani?

Wawili hao walizunguka sokoni wakitafuta mabaki ya kazi za mzee. Kuta nyingi zilikuwa zimefunikwa kwa rangi za kampuni za simu. Nyuma ya kinu kimoja cha kusagia unga, walikuta herufi tatu zilizosazwa na mvua. Kijana alizipiga picha, na kutokana na hizo tatu akazichora nyingine zote.

Bango la pili lilikuwa karatasi ya manjano na wino mweusi, kwa kuwa fedha za kuchapa rangi nyingi hazikuwapo. Jina la mgonjwa peke yake lilitiwa rangi nyekundu. Mzee alilikata kwa wembe, mkono ukitetemeka, naye kijana akasukuma wino. Halikuwa na doa hata moja.

Siku ya soko, mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vitamu alilisoma jina hilo akiwa ng'ambo ya barabara. Akavuka.

"Huyu bado yu hai?" aliuliza.

"Yu hai, Mama. Ndiyo maana tunawaita."

Kijana alitambua wakati huo kwamba lile bango lake la kwanza, kwa madoa na mikunjo yake, lingemtangaza mkongwe yule kama marehemu.

Kiingilio cha usiku ule hakikulipa deni lote, ila kililipunguza, na mama wa viazi alikuwa miongoni mwa waliocheza hadi alfajiri. Kulipopambazuka, kijana na baba yake mkubwa walipita wakiyabandua mabango ukutani, kama ilivyokuwa desturi, maana dansi ilikuwa imekwisha.