Maziwa Yasiyotiwa Maji

Tulipofunga duka letu na kuazimia kuishi kwa ng'ombe pekee hapa Kilifi, jamaa walituuliza kama tutakula majani. Nasi hatukuwa na jibu ila ng'ombe watatu na dua.

Tulijifunza kwa gharama. Ng'ombe huchukua mimba miezi tisa, na miwili ya mwisho hufaa aachwe asikamwe. Basi mwenye kutegemea maziwa hana budi kupanga uzazi wa mifugo yake, wasije wakakauka wote kwa pamoja. Mtamba mmoja alitufia kwa ndigana kwa kuwa tulipuuza kupe. Tangu hapo hatukosi kuwaogesha dawa kila wiki.

Mtihani mkubwa ulikuja kaskazi ilipokausha malisho. Maziwa yalipungua nusu, wateja wakawa ni wale wale. Usiku mmoja, mtungi wa maji ukiwa kando ya ndoo, tulitazamana kimya. Tukamkumbuka yule binti wa zama za Sayyidna Umar, aliyekataa kutia maji katika maziwa ijapokuwa mamake alimwamuru.

Baada ya swala ya alfajiri tuliwaeleza wateja ukweli: kila nyumba itapata nusu ya kipimo chake. Wawili walituhama. Waliobaki wangali nasi hata leo.

Hatujafikia ng'ombe 30, kiwango cha kuwajibikiwa na zaka ya mifugo. Twamuomba Mola atufikishe huko, na maziwa yetu yawe yale yale.