Matokeo ya Utafiti Yawafikie Wanawake wa Migori na Homa Bay

Niliwahi kuwa mkunga Homa Bay, Kenya, na sasa ni mkunga Uingereza. Kati ya tofauti zote nilizoziona, inayonigusa zaidi ni hii: utafiti kuhusu uzazi ukishakamilika, nani huelezwa matokeo?

Huku, vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vimekuwa vikichunguzwa kitaifa tangu 1952. Siku hizi ripoti hutoka kila mwaka, ikiambatana na muhtasari wa lugha nyepesi. Ripoti ya 2018 ilionyesha kwamba hatari ya mwanamke mweusi kufa kwa sababu za uzazi ilikuwa mara tano ya mwanamke mzungu. Akina mama wawili weusi, Tinuke Awe na Clotilde Abe, waliichukua takwimu hiyo wakaanzisha kampeni ya Five X More, na Aprili 2021 suala hilo likajadiliwa bungeni. Tatizo halijaisha, lakini wakubwa hawawezi tena kusema hawakujua.

Nyumbani utafiti upo, tena wa hali ya juu. Mwaka 2016, wanawake wa Migori waliotoka kujifungua waliulizwa: wahudumu walijitambulisha? Walikuita kwa jina lako? Walikueleza dawa waliyokupa ni ya nini? Majibu yao, pamoja na ya wenzao wa Nairobi na Kiambu, yalimwezesha Patience Afulani na wenzake kutunga kipimo cha maswali 30 cha huduma ya uzazi yenye utu. Kilichapishwa 2017, na baadaye kikatumika hadi Ghana na India.

Kisha ukaja utafiti wa watoto njiti katika vituo 20 vya Migori na Busoga, Uganda, ulioongozwa na Dilys Walker pamoja na Phelgona Otieno wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Peter Waiswa wa Chuo Kikuu cha Makerere. Matokeo yalitoka 2020 katika The Lancet Global Health. Palipoongezwa mazoezi ya kuigiza dharura na vikao vya kuboresha huduma, watoto waliofia tumboni muda mfupi kabla ya kuzaliwa au kabla ya kutimiza siku 28 walikuwa asilimia 15.3. Kwingine walikuwa asilimia 23.3. Utafiti huo ulitegemea rejista za wodi, zile wanazojaza wakunga kwa mkono huku mama mwingine akiita. Homa Bay nako, pamoja na Siaya, wajawazito zaidi ya 4,400 walishiriki utafiti wa PrIMA kuhusu PrEP, dawa za kuzuia VVU.

Makala haya ya Migori husomwa bure mtandaoni, kwa hiyo ada si kisingizio. Kikwazo ni lugha na muda. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku hawezi kupekua kurasa za takwimu kwa Kiingereza cha wanazuoni. Mama aliyejibu maswali yale 30 hajui kwamba majibu yake yamefika India. Nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi, ambaye siku hizi huwasindikiza wajawazito hospitalini, naye haambiwi juhudi zake zimeokoa watoto wangapi.

Tangu 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti, na sheria inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kuhusu bajeti. Mama wa Rongo, Migori, akisimama kwenye kikao cha maoni hayo na kusema wauguzi wafunzwe zaidi, atapigiwa makofi na kusahaulika. Akisema mafunzo ya kuigiza dharura yalipunguza vifo katika utafiti uliohusisha kaunti yake hii hii, na akataja idadi, atadai jibu.

Kwa hiyo kaunti zetu ziweke masharti kabla ya kumfungulia mtafiti mlango wa wodi. Bajeti yake iwe na fungu la kurudisha matokeo kwa Dholuo, Kikuria na Kiswahili: barazani, kliniki ya wajawazito, na kwenye redio. Mkunga aliyekusanya takwimu na kusaidia kuzifasiri aandikwe miongoni mwa waandishi. Nasi wakunga tulio ughaibuni, tunaosoma majarida haya kwa urahisi, tujitolee kuandika mihtasari hiyo. Kikao cha bajeti ijayo kikifika, akina mama waingie na takwimu zao mkononi.